Kipande cha Pembeni

Nyumbani, chumba cha chini
Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, isipokuwa hayo nitakayokueleza. Baba anakusalimu sana. Mkono wake wa kulia bado umelala na kusoma hawezi tena tangu kile kiharusi, lakini ulimi uko macho kuliko wangu. Kabla sijaandika neno ameniuliza kama nimeweka tarehe. Unamjua: karani wa posta akistaafu, posta haistaafu ndani yake. Barua isiyo na tarehe, anasema, ni porojo. Nimeweka, Baba, sasa niache niandike. Mama mdogo naye hajambo huko kwake mlimani, goti tu linamsumbua.

Sasa la maana. Jumanne mchana ilinyesha mvua ambayo sijapata kuiona. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za shule. Maji hayakuingia mlangoni, Fundi. Yalitoka chini, kwenye tundu la bafuni, meusi na yananuka, yakapita sebuleni, yakaingia chumbani kwa Baba. Nilipomaliza kuipandisha cherehani mezani yalikuwa yamenifika magotini. Godoro limekwisha, kabati limevimba milango haifungi, na sare ishirini na mbili za watoto wa watu zimekuwa matambara.

Mwenye nyumba amekuja kesho yake, lile pete lake la funguo likilia kiunoni. Hata Baba sasa anamwita Funguo. Hakuuliza nani ameumia. Amechokoa matope kwa mwavuli, akanasa kitambaa cha bluu, akakiinua juu wapangaji wote wakione, akasema ni mabaki yangu ya ushonaji yaliyoziba bomba. Nikamwambia mabaki yangu hukaa kwenye gunia na huchukuliwa na mtengeneza mito kila Jumamosi. Amecheka tu.

Baba anasema usihangaike, ule vizuri, ufanye kazi ya watu kwa uaminifu.

Dada yako

Kipande cha pembeni

Kama ada yetu: ya barua nimemsomea Baba kabla ya kubandika bahasha, haya ni ya macho yako tu. Nilipoingia chumbani kwake maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Alikuwa amelala chali, lile kopo la biskuti lenye barua zako amelishika juu ya kifua kwa mkono wa kushoto, na analia bila sauti. Hataki ujue. Nilimwinua peke yangu nikamketisha juu ya meza pamoja na cherehani.

Wewe ndiye uliyemfanyia Funguo kazi ya yale maduka ya nyuma kabla hujaondoka. Niambie bomba la nyumba hii linapita wapi na linaishia wapi, nipate la kumjibu. Kila mvua ya miaka hii minne tundu lile limekuwa likigugumia, na mimi nikadhani ndivyo mabafu yalivyo.


Kambini, banda la mafundi
Tarehe 3 Mei

Shikamoo Baba. Shikamoo Dada.

Barua yenu imenifikia na lori la saruji. Huku bwawani hakuna posta wala simu inayoshika, tunaletewa barua pamoja na misumari, na mgawaji wetu anazitupa kwa namna moja. Baba, ungemfukuza kazi siku ya kwanza.

Mimi mzima. Tunalaza mabomba ambayo mtu anaweza kutembea ndani yake bila kuinama. Mpishi wetu ni yule yule, maharage yake ni yale yale, nadhani ni chungu kile kile tangu mwezi wa kwanza.

Dada, pole sana. Nisikilize kama fundi. Usipake rangi wala chokaa kwanza. Piga picha mstari wa maji ulipofika ukutani, kila chumba. Kisha bandua lipu yote mpaka shubiri moja juu ya mstari, ukuta upumue, la sivyo ukungu utapanda mpaka darini. Godoro tupa, usijaribu kulianika. Andika orodha ya vilivyoharibika. Halafu mwandikie Funguo barua ya kudai matengenezo, weka tarehe, baki na nakala, na asaini kuwa ameipokea. Baba atakusaidia maneno, hakuna anayeandika barua ya malalamiko kama yeye.

Mwana wenu, Fundi

Kipande cha pembeni

Kuhusu bomba, Dada, ni miaka minne sasa na nimelaza mengi tangu wakati huo, yananichanganyikia kichwani. Nadhani linapita nyuma. Usibishane na Funguo juu ya bomba, bishana naye juu ya kuta. Ingekuwa mimi ningemhamishia Baba kwa Mama mdogo leo hii. Mlimani maji hayapandi.


Nyumbani
Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Tumefurahi kusikia u mzima. Baba amecheka mpaka akakohoa kwa habari ya mgawaji wenu, akasema barua si matofali. Mama mdogo alikuja Jumapili na goti lake, akakaa mpaka jioni akitulaumu sote kwa zamu.

Barua ya Funguo tuliiandika. Baba alitamka, mimi nikaandika, ikawa kurasa mbili nzuri ambazo hata waziri angezisoma akiwa amesimama. Nilimpelekea. Alisoma mstari wa kwanza, akakataa kusaini, akanirudishia. Nikaipitisha chini ya mlango wake. Asubuhi nikaikuta imepitishwa chini ya mlango wangu, ndani ya dimbwi.

Halafu akaita kikao cha wapangaji uani. Amesema yuko tayari kutengeneza nyumba nzima, ila hawezi kutengeneza bomba ambalo kuna mtu analiziba kila siku. Aondoke kwanza anayeliziba. Watu wana watoto na kuta zimelowa, Fundi, siwalaumu sana. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Waliweka sahihi wote isipokuwa yule muuguzi wa juu yetu, ambaye alisema yeye haweki sahihi penye ugonjwa ambao haujapimwa. Siku mbili baadaye nikaletewa notisi ya kuhama.

Nimeipeleka kwenye baraza la nyumba. Kesi itasikilizwa tarehe 14 Agosti. Karani wa pale, mama mmoja mpole, ameniambia picha ni nzuri na orodha ni nzuri, lakini swali ni moja tu: bomba limezibwa na nini? Nikileta maandishi ya fundi anayelijua bomba lile, yamekwisha. Nisipoleta, neno langu dhidi ya neno la mwenye nyumba na sahihi kumi na tisa.

Baba alipiga kitanda kwa kiganja aliposikia hivyo. Amesema, "Bomba lile alilishika mwanangu. Ataandika." Amewaambia mpaka wageni.

Dada yako

Kipande cha pembeni

Mbona umenijibu kama ofisi ya serikali? Mtu aliyekuwa anakumbuka idadi ya vigae vya bafu la jirani akiwa na miaka saba leo amesahau bomba alilolishika mwenyewe?

Kuhama siwezi. Nikihama leo nimekiri. Nitakuwa yule mshonaji aliyefurikisha nyumba ya watu, na jina hilo litafika mlimani kabla yangu. Baba anakohoa kidogo, ni vumbi la lipu.


Kambini
Tarehe 20 Juni

Shikamoo Baba. Shikamoo Dada.

Mnisamehe kwa kuchelewa. Lori liliharibika, kisha mimi nikapata homa, kisha kazi ya zamu mbili. Sasa ni mzima kabisa.

Baba, uliniuliza mwaka jana kama bwawa litajaa kweli. Limeanza kujaa. Asubuhi tunaona vilele vya miti vimebaki majini, kesho yake havipo. Wahandisi wanafurahi. Mimi huwa natazama upande mwingine.

Habari ya baraza nimeisikia. Maandishi ya fundi si kitu cha kuandika kwa haraka, yana vipimo na michoro, na huku sina hata rula nzuri. Nitaona nitakavyofanya. Mpeni pole Mama mdogo kwa goti.

Mwana wenu, Fundi

Kipande cha pembeni

Dada, usinisukume. Kazi hii ya bwawani niliipata kwa barua ya Funguo, unakumbuka, na msimamizi wangu ni rafiki yake. Lakini si hilo tu. Kuna mambo fundi anayafukia na kuondoka, na akiulizwa anasema sikumbuki, na kila mtu anaelewa. Nakuomba uelewe. Mpeleke Baba mlimani. Jina hurudi, afya hairudi.


Nyumbani
Tarehe 6 Julai

Fundi,

Salamu. Baba mzima. Mama mdogo mzima. Goti zima.

Wateja wangu wameniacha mmoja mmoja. Aliyebaki ni mwenye pazia moja ambalo hata hana haraka nalo. Nikipita uani wanawake wanakusanya nguo zao zilizoanikwa, kana kwamba nitazikata. Wamenipa na jina, Mama Matambara. Asubuhi moja nilikuta gunia la vitambaa vichafu limemwagwa mlangoni kwangu, na havikuwa hata vyangu.

Baba ameuliza barua yako ya ufundi mara nne. Mara ya nne alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, akageukia ukuta.

Kipande sijaweka leo. Sina la kukuambia ambalo Baba asisikie. Andika ndiyo, au andika hapana. Tarehe 14 Agosti haisogei.

Dada yako


Kambini
Tarehe 27 Julai

Shikamoo Baba. Shikamoo Dada.

Mimi mzima. Baba, nimekununulia blanketi kwa mwenye duka la kambi, zito, la kijivu, nitalituma na mtu. Mpishi amebadilishwa. Huyu mpya anapika maharage yale yale lakini anaomba radhi, na sisi tunaona ni maendeleo.

Dada, majibu yako yamo humu. Ubaki na afya njema, Baba, na usihangaike na kesi, itakwisha.

Mwana wenu, Fundi

Kipande cha pembeni

Usimsomee Baba hata neno.

Bomba lenu halijazibwa na kitambaa. Nimeliziba mimi.

Nilifungua barua yako ya mwisho nikakuta hakuna kipande, nikakaa nayo siku tatu. Tangu tuwe wakubwa hujawahi kunitumia barua bila kipande. Basi sikiliza. Bomba la nyumba ni la inchi tisa. Linatoka chini ya bafu lako, linapita nyuma, na palikuwa na chemba kubwa ya kuingilia, pale pale Funguo alipotaka kujenga maduka. Mwenye duka gani angekubali kaunta yake ikae juu ya mfuniko wa maji machafu? Akaniambia nifunike chemba kwa zege, na bomba la inchi tisa niliunge kwenye la inchi nne lizunguke pembeni. Nikamwambia maji ya tisa hayapiti kwenye nne, mvua kubwa ikija yatarudi ndani kwa watu. Akasema mvua za namna hiyo haziji.

Ningekataa, Dada. Lakini Baba alikuwa ametoka hospitali wiki ile, na mlikuwa ghorofa ya nne. Unakumbuka tulivyompandisha kwenye kiti, wewe mbele mimi nyuma, na yeye anaomba radhi kila ngazi. Funguo akasema chumba cha chini kimebaki kitupu, na anayenisaidia namsaidia. Ndivyo mlivyokipata chumba hicho. Nilimwaga lile zege kwa mikono yangu, nikafurahi kweli kweli.

Ukitaka ushahidi, nenda duka la tatu, la muuza ndoo. Inua zulia la plastiki chini ya kaunta. Zege lilipokuwa bichi niliandika kwa msumari, kama Baba alivyotufundisha tusiache kazi bila tarehe. Sikufikiri. Mkono uliandika wenyewe.

Fanya nalo utakalo. Hilo moja tu: Baba asijue.


Nyumbani
Tarehe 18 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Barua hii sijamsomea Baba, amelala, na sina haja ya kuweka kipande. Utaona kwa nini.

Barua yako ilifika tarehe 14, mchana, mimi nikiwa barazani. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu, nimekaa kwenye benchi na bahasha ya picha mapajani. Funguo alikuja na sahihi zake kumi na tisa. Mwenyekiti aliniuliza kama nina fundi. Nikasema nina ndugu, ni fundi, yuko mbali. Akaniuliza tena kama nina fundi. Wamenipa siku kumi na nne nihame. Nilirudi kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu anikute nimeketi popote.

Muuguzi wa juu ndiye aliyekuwa amebaki na Baba. Mleta barua akaja, Baba akamwomba amsomee. Yeye ada yetu angeijulia wapi? Amefungua bahasha, amesoma barua, kisha amekunjua kipande na kukisoma vile vile, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Mstari wa kwanza tu, pale pa usimsomee Baba, alishtuka, akataka kunyamaza. Baba akamwambia aendelee. Alipomaliza akamwambia asome tena.

Nilipoingia alikuwa ameketi, kipande kiko gotini. Nikajua kabla sijavua viatu. Nikaanza kusema Baba, unajua, hivi ni vikaratasi tu vya utani. Akaniangalia.

"Miaka thelathini nimepima barua kwa kiganja," alisema. "Mlidhani sijui bahasha yenye karatasi moja na bahasha yenye mbili?"

Alijua, Fundi. Miaka yote hii tukimsomea nusu alikuwa anajua, na hakusema, kwa sababu aliona ni vizuri ndugu wawili wawe na siri yao. Nilikaa chini nikalia, na si kwa ajili ya kesi.

Kesho yake asubuhi alidai kupelekwa duka la tatu. Kulikuwa na manyunyu. Nikamwambia tungoje, akasema amengoja barua maisha yake yote, leo hangoji. Muuguzi na mlinzi wa geti walimbeba kwenye kiti, mimi nikishika mwavuli usiofunika kitu. Muuza ndoo alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa, lakini naye duka lake linafurika, na alipomwona Baba mlangoni analowa alisogeza ndoo zake bila kuuliza. Tukainua zulia.

Maandishi yapo. Herufi zako zile zile za kulala upande. Mtoto wa Karani, tarehe 11 Novemba, na mwaka.

Baba alitaka ateremshwe. Tukamteremsha sakafuni. Alipitisha vidole vya mkono wa kushoto juu ya kila herufi, taratibu, mpaka mwisho. Nilidhani atakulaani, na Mungu anisamehe, nilitaka akulaani.

"Angalau ameweka tarehe," alisema. Kisha akasema anasikia baridi, arudishwe nyumbani.

Mwenyekiti wa baraza ameletwa jana, amesoma kipande chako, ameona zege kwa macho yake, amepiga picha. Notisi yangu imefutwa. Funguo ameamriwa avunje zege na kulirudisha bomba kubwa kabla ya mwezi kwisha. Alikuwa amesimama pale nje akizichezea funguo zake, hazikulia.

Nimeshinda, basi. Baba hajazungumza sana tangu siku ile. Nitakuandikia.

Dada yako


Kambini
Tarehe 9 Septemba

Shikamoo Baba.

Leo hakuna kipande. Dada, msomee yote.

Baba, ulinilea nisiache kazi mbovu, na kazi mbovu kuliko zote niliifanya chini ya kitanda chako. Nilijua itakavyokuwa. Siwezi kusema sikujua, mimi ni fundi. Kila mvua iliyonyesha huku kwa miaka minne nimekuwa nikihesabu ni ngapi bado mpaka ile kubwa. Kisha Dada akasingiziwa, na mimi nikamshauri abandue lipu. Naona aibu kuandika haya, lakini naona aibu zaidi kwamba ulikuwa unazipima bahasha zetu na kutustahi.

Sikufanya kwa tamaa. Nilitaka usipande ngazi tena. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa sababu ni kweli, na nimechoka kukupa nusu.

Nimeandika maelezo yote ya ufundi, na vipimo, na nimeyasaini na kuweka tarehe, yamo humu. Najua yamechelewa. Msimamizi nimemwambia mwenyewe, nadhani mwisho wa mwezi ataniondoa. Ningekuja leo, lakini mvua imekata barabara ya kambi na lori lililoleta barua yenu ndilo la mwisho lililopita. Hizi zinavushwa kwa mtumbwi.

Nikija nitakaa kitako mbele yako, uniambie utakalo. Hata ukikaa kimya nitakaa. Blanketi ninalo bado, nitakuletea mwenyewe.

Mtoto wa Karani


Nyumbani
Tarehe 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Mama mdogo anakusalimu, yuko hapa nami tangu Agosti, analala kitanda cha Baba.

Baba alifariki tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi, siku nne baada ya barua yangu. Ilikuwa homa ya mapafu. Tumemzika tarehe 23 karibu na marehemu Mama. Watu walikuwa wengi, hata wale kumi na tisa, wamebeba na kuchimba na kulia.

Utasema kwa nini hukuambiwa. Ningeweza kwenda ofisi ya kampuni yenu hapa mjini, wana redio ya kuongea na kambi. Niliipita ofisi hiyo mara mbili siku ile na sikuingia. Nilikuwa na hasira nawe. Nilitaka uwe mahali fulani unakula maharage hujui kitu, kama sisi tulivyokuwa hatujui. Kisha hasira ikapungua na siku zikawa zimepita, nikaona haya. Ndiyo sababu. Sina nyingine.

Na kuna jingine nililokuficha. Muuguzi wa juu aliniambia mwezi wa sita, mlangoni, kwamba kifua cha Baba kimeingia maji na nimtoe kwenye chumba kile wiki hiyo hiyo. Wewe nawe uliniambia, mara mbili. Kwa Mama mdogo kulikuwa na kitanda kimetandikwa. Sikumtoa. Nilitaka watu waone kwamba Mama Matambara hakukimbia. Nikakuandikia Baba mzima, nikaacha kuweka kipande ili nisije nikaandika ukweli ndani yake. Wewe uliziba bomba, Fundi, mimi nikamlaza Baba juu yake mpaka nishinde kesi.

Zege lilivunjwa. Niliwaomba mafundi wanikatie kile kipande chenye maandishi, wakakata, kimeegemea ukuta hapa ninapoandika. Wateja wamerudi. Wananiletea nguo na kuniangalia miguuni wanapozungumza. Jana mvua ilinyesha kutwa nzima, nikakaa bafuni kwenye kigoda nikitazama lile tundu. Halikugugumia hata mara moja.

Barua yako imefika juzi. Nilimwambia Mama mdogo atoke kidogo. Nikavuta kiti mpaka kitandani kwake, nikaisoma yote kwa sauti, nikianza na tarehe. Nilisoma na yale maelezo ya vipimo pia, kurasa zote tatu. Sijui kama nimekusamehe. Sijui wewe utanisamehe mimi. Njoo barabara ikifunguka, chumba ni kikavu.

Vile vikaratasi vyetu vyote nimevitia kwenye kopo lake, kila kimoja na barua yake, kwa tarehe. Ukiandika tena, andika kwenye karatasi moja. Hakuna tena wa kusomewa nusu.

Dada yako